Jiwe la Mlangoni

Wanyange, Jinja
Jumapili, 9 Februari 2025

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua hii ikukute umeamka vizuri, goti limepunguza kelele zake, na dawa ya presha unaimeza kila asubuhi bila kusukumwa na mtu. Mama mdogo Nabifo ameniambia kwamba unavificha vidonge chini ya mto. Nakujua, na wewe unajua kwamba nakujua, kwa hiyo vimeze. Nasi huku tu wazima. Kikohozi cha Nasif kimekwisha, Rahmah amerefuka tena mpaka nimelifungua pindo la sketi yake mara ya pili, na mimi mwanao nipo, nimechoka mikono tu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu yako inakaa kwa Mama mdogo, naye akipokea anaweka sauti ya juu, na kabla hatujamaliza kuamkiana nyumba nzima ya Namakwekwe imeshajua nimepika nini. Haya ninayoandika ni yako peke yako. Ndiyo maana nimeandika kwa Kiswahili, kile ulichotulea nacho, cha kambi ya polisi ulikokulia, ambacho Mama mdogo aliyelelewa kijijini kwa bibi yenu anakisikia lakini hakisomi. Vaa miwani, funga mlango, usome mwenyewe hadi mwisho. Nakuomba usiishie katikati, hata ukikasirika.

Kwanza habari njema. Tumehama. Tangu tarehe kumi na nane ya mwezi uliopita tunalala kwenye nyumba yetu wenyewe. Miaka tisa nimeketi kwenye veranda ya duka la vitambaa la Sushma, pale Main Street, nikishona sare za shule, na kilichobaki nimekiweka mahali ambapo hata mimi nilipata tabu kukifikia. Baba yao tangu aoe kule Iganga hajaleta hata daftari, nami sijamwomba. Niliapa kwamba Rahmah hatamaliza shule ya msingi akiwa bado anakatazwa na mwenye nyumba kuruka kamba uani. Sasa anaruka atakavyo, na vumbi linaingia ndani kwangu, na simkatazi.

Usiwaze nyumba kama ile ya kalenda. Ni vyumba vitatu na sebule, matofali yako wazi nje na ndani, hayajapigwa plasta. Mabati yapo na hayavuji, hilo nililipima kwanza, nilikwenda kuitazama siku ya mvua makusudi. Madirisha mawili yana mbao, mengine manne nimeyaziba kwa mabati ya zamani, na ndani nimetundika mapazia ya vipande ambavyo Sushma alinipa, mabaki ya vitambaa vya sare, kwa hiyo sebule yetu ina rangi za shule saba za Jinja. Sakafu ya chumba cha watoto bado ni udongo. Umeme hakuna, tunatumia taa ya jua, na maji tunachota kwa jirani kwa jerikeni. Watu waliniambia nisubiri nimalize kujenga ndipo nihamie. Niliwajibu kwamba kodi ninayomlipa mtu wa Mafubira kila mwezi ni mfuko wa saruji ninaomnunulia yeye. Nitamalizia nikiwa ndani, dirisha moja moja.

Kuhama kwenyewe kulinichekesha nikiwa nimenuna. Gari la kukodi lilinishinda bei, basi nikampata dereva mmoja anayepeleka mukene, wale dagaa wa huku, mjini kutoka ziwani na kurudi mtupu. Akakubali kutubeba anaporudi. Hakuniambia kwamba hali hiyo ya utupu ina harufu. Magodoro yetu yalinuka dagaa wiki nzima, na paka wote wa Wanyange walikuja kutukaribisha. Nasif alifurahi, akadhani ni desturi ya huku. Rahmah alilia njia nzima kwa ajili ya rafiki yake wa Mafubira, mpaka tulipopita kilima na ziwa likaonekana, akanyamaza, akaniuliza kama maji yale yote tutayaona kila siku.

Dereva huyo alipakia cherehani, meza, masufuria na ndoo bila neno. Alipofika kwenye lile jiwe langu la kuzuia mlango, lile bapa lenye mstari mweupe, aliliinua, akalishusha, akanitazama. Akasema, "Mama, hii jiwe ya nini? Wanyange hakuna mawe?" Na kweli, kilima chote cha Wanyange ni mawe. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Wewe pia ulinicheka nilipolibeba kutoka Mbale kuja kujifunza ushonaji, ukasema msichana mzima anasafiri na jiwe. Nililibeba tena Nalufenya, nikalibeba Mafubira, na safari hii nilipanda nalo mbele, miguuni pangu. Nitalirudia jiwe hilo.

Sasa Mama, kuna jambo la nyumba ambalo sikukuambia kwa simu ulipofurahi na kuahidi kwamba utakuja kufunga Ramadhani nasi na kukaa moja kwa moja. Nimekutengea chumba cha mashariki, chenye dirisha la mbao. Sitaki ufike ndipo uone. Uani kwetu, upande wa chini karibu na migomba, kuna kaburi.

Najua ulichosema. Nilikuwa na miaka kumi na miwili ulipokisema, na umekirudia kila ulipoulizwa kwa nini hukubali kwenda kukaa kwa mjomba: kwamba hutalala tena maishani mwako mahali penye kaburi, liwe lako au la mtu, kwa sababu uliwahi kuliacha moja na halikukuacha. Kwa hiyo naelewa kwamba kwa sentensi hii moja huenda nimekupoteza. Lakini endelea kusoma.

Aliyeniuzia anaitwa Nakisige, Msoga wa hapahapa, mwanamke wa makamo anayeuza samaki wa kukaanga. Kaburi ni la mama yake, limejengewa kwa saruji na msalaba mdogo. Nyumba ilikaa sokoni miaka mitatu. Kila mnunuzi alikuja, akapenda vyumba, akapenda upepo, halafu akaliona kaburi na kusema litolewe kwanza, au akaondoka bila kuaga. Ndiyo maana bei ilishuka hadi ikafika nilipo mimi. Nakisige mwenyewe alikuwa amechoka. Siku ya tatu tulipoonana aliniambia, bila kunitazama, kwamba nikitaka ataongea na wazee wa ukoo wamhamishe mama yake, maana nyumba lazima iuzwe, mume wake anaumwa.

Nilimwambia hapana. Nilimwambia mama yake atabaki pale alipo, na kwamba tutaandika kwenye makubaliano kuwa Nakisige ataingia uani kwangu siku yoyote bila kubisha hodi. Mwenyekiti wa LC wa kijiji aliacha kuandika makubaliano. Alikuwa ameshaniuliza mara mbili nataka liandikwe jina la mwanamume gani, nami nikamwambia mara mbili aandike langu, Shakirah, na sasa hili tena. Akaniuliza kama ninaelewa ninachokitia sahihi. Nikamwambia ninaelewa kuliko mtu yeyote aliyemo chumbani humo. Nakisige alilia, mimi sikulia. Nililia baadaye, kwenye boda.

Watoto wanaitwa kesho shuleni, shule mpya, na viatu nimeshavipiga rangi. Kuhusu kaburi, Nasif aliogopa siku mbili. Siku ya tatu nilimkuta anafagia kulizunguka, akaniambia bibi wa hapa hapendi majani makavu. Nilimwuliza nani kamwambia. Akasema hakuna, lakini nani anapenda.

Utauliza kwa nini mimi, Mwislamu, mwenye akili zangu, nilinunua uwanja wa watu pamoja na maiti yao. Bei ni sababu, sikatai. Lakini bei peke yake isingenifanya nikatae kaburi lihamishwe. Sababu ni lile jiwe, na habari yake nimeikimbia miaka ishirini na sita. Sasa nina nyumba, na nimekuta kwamba mtu mwenye nyumba hana tena pa kukimbilia. Nisikilize.

Baba alipofariki tulikuwa bado Busamaga. Tulimzika nyuma, chini ya migomba, kwa kawaida yetu, tuta la udongo na mawe mawili, moja kichwani na moja miguuni. Wewe ukakaa eda. Ulikuwa chumba cha mbele, hukutoka, na kaburini wanawake mliambiwa hamwendi. Baba mdogo Magid, Mungu amrehemu, ndiye aliyeshika mambo yote. Alisema uwanja uuzwe, maana hospitali ilikuwa imemaliza kila kitu, na mbele yetu hakukuwa na chakula wala ada. Wakaja wanunuzi watatu. Wote watatu waliliona kaburi wakageuka. Mimi nilikuwa nawapelekea maji ya kunywa, niliwaona nyuso zao.

Usiku mmoja nilimsikia Baba mdogo akizungumza nawe kutoka nje ya mlango. Alisema mwezi ukiisha bila mnunuzi, atanipeleka Tororo kwa shangazi nikalee watoto wake, ili upunguze mdomo mmoja. Wewe hukujibu. Sikulaumu, ungejibu nini. Lakini nilikuwa na miaka kumi na mmoja, baba amekwisha kuondoka, na nilielewa kwamba anayefuata kuondoka ni mimi.

Mnunuzi wa nne alikuwa aje Alhamisi. Jumatano alasiri, ulipokuwa unaswali, nilichukua jembe. Kaburi la Baba lilikuwa tuta refu. Nililikata, Mama. Nililifanya matuta matatu ya mviringo, kama ya viazi vitamu, nikakata marando kwenye shamba la jirani na kuyapanda juu. Nilimwagilia maji ili yasinyauke kabla ya asubuhi. Jiwe la miguuni nililitupa bondeni. La kichwani nililishika, mikono ikakataa kulitupa. Nikalifunga kwenye nguo yangu. Halafu nikahesabu kutoka shina la mfenesi hadi mahali lilipokuwa, hatua kumi na nane, nikahesabu tena na tena, ili nisimpoteze Baba kabisa.

Mnunuzi huyo alikuwa Wanyera.

Alizunguka uwanja wote, akapita kando ya viazi, akasema ardhi ni nzuri. Baba mdogo aliyatazama matuta. Kisha akanitazama mimi. Hakusema neno siku ile, na hakulisema mpaka anakufa. Majirani waliotia sahihi walijua pia, walikuwepo mazishini, lakini nani angemnyima mjane mnunuzi. Na siku ya kuondoka, eda yako imekwisha, gari linapiga honi, ulisimama ukingoni mwa migomba ukamsomea Baba Fatiha kutoka pale. Mimi nilikuwa nimeshika leso yako. Nilikuwa naomba usipige hatua moja zaidi. Hukupiga. Tangu siku hiyo kila nikikusikia ukisoma Fatiha, naitazama miguu yako.

Tulipofika Namakwekwe ulilikuta lile jiwe kwenye furushi langu. Ulisema ni jiwe zuri, bapa, nani kalileta. Ukazuia nalo mlango. Mama, miaka yote ile mlango wetu ulizuiwa na jiwe la kichwani kwa Baba. Wewe uliketi juu yake ukimenya matoke, nami nilikutazama.

Unakumbuka mwaka uliofuata, baada ya Idi, tulipokwenda kumzuru. Ukakuta kiwanja kipya cha saruji cha kuanikia kahawa, na juu yake kahawa imetandazwa. Ukamwuliza Wanyera yako wapi mawe ya mume wako. Naye akakuuliza, mawe gani, mama. Uliona kwamba anakudharau. Hukumwonyesha mahali, ulilia ukaondoka, na mpaka leo mkikutana sokoni akikusalimu unageuza uso. Umemwita mtu aliyejenga juu ya maiti mbele ya watu, na watu wamelishika jina hilo. Mzee huyo hakukudharau. Alikuuliza swali la kweli. Aliyemfukia Baba mara ya pili ni mimi.

Sasa umejua. Nimesimama kuandika, nimetembea uani, nimerudi.

Kuna moja zaidi. Wiki mbili zilizopita nilikuja Mbale na sikufika kwako. Nilikwenda Busamaga moja kwa moja, mimi na Rahmah. Nilimkuta Wanyera amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini alinitambua kwa sura yako. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona nikiketi nitageuza maneno. Alisikiliza hadi mwisho. Nilingoja anifukuze. Badala yake alisema, polepole, "Miaka ishirini na sita mimi natembea kwa hii uwanja, sijui naweka mguu wapi." Tangu siku ile ulipomlilia alijua kuna mtu chini ya ardhi yake, ila hakuna jirani aliyekubali kumwonyesha ni wapi, kila mmoja aliogopa kuonekana alinyamaza. Mke wake mpaka anafariki hakulima tena upande ule.

Mfenesi bado upo. Nilimsimamisha Rahmah shinani, kwa kuwa yeye ana miaka kumi na mmoja na miguu yangu ya sasa ingetudanganya. Nilimwambia atembee kama anavyotembea kila siku, asivute wala asifupishe, ahesabu kumi na nane. Alihesabu kwa sauti. Ya kumi na sita ilikanyaga saruji, na ya kumi na nane ilikuwa juu ya saruji, hatua mbili tu kutoka ukingoni. Rahmah aliniuliza kama ni hapo. Wanyera ndiye aliyemjibu, akavua kofia.

Alisema atavunja sehemu hiyo ya saruji, na kuizungushia ua, na kwamba kahawa itapata pengine pa kukaukia. Nilitaka aanze siku ile ile, nilimwambia hata nyundo nitashika mimi. Alikataa. Alisema hatagusa mpaka mwenye mume aje mwenyewe, asimame pale, na aseme. Aliongeza kwamba hataki radhi wala maneno mengi kutoka kwako, anataka tu umwitikie salamu yake.

Kwa hiyo Mama, nimepanga hivi, na katika hili sirudi nyuma. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na tano, nitafika Mbale asubuhi. Nitakuja kwa miguu hadi mlangoni kwa Mama mdogo. Ukitaka kunipiga, nipige, fimbo ya kukorogea uji ninaijua ilipo. Ukitaka kukaa kimya nami, nitakaa kimya nawe. Lakini baada ya hapo tutakwenda Busamaga pamoja, na mara hii utapita migomba, utafika, utamsomea Baba ukiwa karibu. Kama baada ya hayo hutaki kuja kuishi nami, mimi niliyefanya nililofanya, katika uwanja wenye kaburi la mama wa mtu, nitaelewa. Chumba cha mashariki sitampangisha mtu. Kitakaa na mkeka wako umekunjwa, na kila Ijumaa nitakifagia, mpaka mmoja wetu aage dunia.

Na kama utakuja, ujue kwamba Nakisige huja Jumapili jioni kukaa na mama yake. Leo amekuja, yuko huko nje sasa hivi ninapoandika, Nasif amempelekea kigoda. Nimemweleza juu yako. Amesema atakukaangia sangara.

Nimeomba radhi kwa Mungu miaka mingi kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kukuomba wewe. Sasa nakuomba wewe. Nisamehe, Mama. Nilikuwa mtoto, lakini nimekuwa mtu mzima muda mrefu na bado nilinyamaza, na hilo ndilo kubwa.

Msalimie Mama mdogo Nabifo, umwambie barua hii inahusu mapazia. Wasalimie majirani wa pande zote mbili. Watoto wanakuamkia: Rahmah anasema shikamoo Jaja, na anakumbusha zile shanga ulizomwahidi, Nasif anauliza kama una paka wa kuleta, ingawa wa hapa wanatosha.

Jiwe nimeshaliosha na kulitia kwenye mfuko wa unga, litasafiri nami Jumamosi. Mlango tumeuzuia kwa tofali.

Mwanao anayekupenda,
Shakirah